Umeme wa Upepo kwa Watu wa Ziwani: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kununua Mtambo

Hakuna mtu akaaye kandokando ya Ziwa Victoria asiyeujua upepo. Tangu zamani wavuvi wa Nyanza wameondoka ufuoni kwa upepo wa bara kungali giza, wakarudi alasiri kwa upepo wa ziwa, matanga yamejaa, bila ya kutumia hata tone moja la mafuta. Upepo uo huo huwasaidia akina mama kukausha omena na kupepeta nafaka. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi huuliza: ikiwa upepo waweza kuisukuma mashua yenye shehena, je, hauwezi kuwasha taa moja ya nyumbani na kuchaji simu?

Swali hili lina maana zaidi kwa wale wakaao mbali na nguzo za umeme: mvuvi aliyehamia dago kisiwani kwa miezi miwili mitatu, mchungaji, mlinzi wa shamba, au mwalimu wa kijiji ambacho waya haujafika. Mtu wa namna hii akienda sokoni Kibuye, mjini Kisumu, hasa siku ya Jumapili soko lijaapo watu, ataona mota kuukuu, altaneta za magari, betri, mabomba na vyuma vya kila namna. Na huenda akilini mwake ameshaunda mtambo mzima kabla hajafika nyumbani. Mwingine atatangaziwa mtambo mdogo wa kukunjwa, uingiao mfukoni kama mwavuli, akaambiwa kwamba huo utamtosha kwa taa, redio na televisheni.

Jibu fupi ni hili: upepo waweza kweli kuwasha taa, lakini si kila upepo, wala si mahali popote, wala si kwa kila mtambo uuzwao. Mtu asiyejua hesabu yake aweza kutoa fedha za mavuno ya mwaka mzima akanunua kitu kitakachosimama juu ya mlingoti kama pambo, na watoto wake wakaendelea kusoma kwa koroboi. Makala haya yaeleza hesabu hiyo, nayo si ngumu.

UPEPO WA ZIWA WATOKA WAPI

Mchana, jua lipigapo, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi huwa nyepesi ikapanda, na hewa ya baridi iliyo juu ya maji huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo wa ziwa. Aghalabu huanza karibu na adhuhuri, hupata nguvu alasiri, kisha hulegea jua lituapo. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na hewa huteremka kutoka bara na milimani kuelekea ziwani. Mabaharia wa ziwa hawakufundishwa haya na kitabu. Waliyajua kwa kuyatumia.

Mambo mawili yafuata kutokana na maelezo hayo. La kwanza, upepo huu una saa zake. Hauvumi mchana kutwa, na saa zake za nguvu ni chache. La pili, kwa kawaida si upepo mkali. Tena mji wa Kisumu umekaa ndani kabisa mwisho wa Ghuba ya Winam, na vilima na nyumba na miti huuvunja upepo ufikapo nchi kavu. Upepo wa Kibuye au wa Kondele si sawa na ule wa Remba au Mfangano, visiwa vilivyo nje kwenye maji mapana.

Watu wengi wamesikia habari za mitambo mikubwa ya upepo iliyo karibu na Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit. Mitambo hiyo ni 365, nayo ilifunguliwa rasmi mwezi wa Julai 2019, ikiwa na uwezo wa megawati 310. Lakini mahali pale hewa hubanwa katika uwazi ulio kati ya milima, ikavuma kwa nguvu sana mchana na usiku karibu siku zote za mwaka. Mtu asidhani kwamba, kwa kuwa Ziwa Turkana lina umeme mwingi wa upepo, basi kila ziwa la Kenya litafanya vivyo hivyo. Maji hayaleti upepo kwa kuwa ni maji. Mahali ndipo paletapo upepo.

WALIOTANGULIA

Jambo la kuvuna umeme kwa upepo si geni. Mwaka 1887 Profesa James Blyth wa Glasgow alisimamisha kinu chenye matanga ya nguo katika bustani ya nyumba yake ya mapumziko huko Marykirk, Uskochi. Kinu hicho kilichaji betri, na betri zikawasha taa za nyumba. Alipotaka kuwapa watu wa kijiji umeme uliobaki ili wapate mwanga wa barabara yao kuu, walikataa, wakisema kwamba mwanga ule ni kazi ya shetani.

Miaka michache baadaye, kati ya mwaka 1893 na 1896, mvumbuzi Fridtjof Nansen wa Norwe aliisafiri Bahari ya Kaskazini ya barafu kwa meli iitwayo Fram. Meli iliposhikwa na barafu, mabaharia walisimamisha kinu cha upepo juu ya sitaha, wakapata taa za umeme. Yafaa kukumbuka kwamba huko kaskazini jua halionekani kabisa kwa miezi mingi ya baridi. Palipokuwa hapana jua, upepo ulikuwa rafiki wa pekee.

Katika Marekani, miaka ya 1920 na 1930, wakulima wengi wa nchi tambarare walinunua vinu vidogo kwa ajili ya redio na taa, mpaka waya za umeme zilipowafikia. Na katika nyika za Mongolia ya Ndani, nchini China, wafugaji wengi wahamao na mifugo yao wametumia mitambo midogo tangu miaka ya 1980. Wakihama huishusha, huifunga pamoja na hema, na kuisimamisha tena kwenye malisho mapya. Hiyo ndiyo maana halisi ya mtambo wa kuchukulika. Lakini nyika zao ni tupu, hazina miti, na upepo wake ni mkali.

Hapa Afrika, habari ijulikanayo sana ni ya kijana William Kamkwamba wa Wimbe, nchini Malawi. Mwaka 2002, akiwa ameacha shule kwa kukosa karo baada ya njaa kuu, alisoma vitabu vya maktaba ya shule, akaunda kinu kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, dainamo na mabomba ya plastiki, juu ya mnara wa miti. Kikawasha taa chache nyumbani kwao. Kazi yake ilistahili sifa zote ilizozipata. Walakini mtu aangalie vema jinsi umeme wenyewe ulivyokuwa kidogo: wa taa ndogo, redio na simu, basi.

Hata Kisumu yenyewe ina habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni moja iitwayo Access:Energy ilifundisha mafundi kutengeneza mitambo ya upepo kwa vyuma chakavu na vipuri vya magari. Ilithibitika kwamba mikono ya jua kali yaweza kuunda mtambo mzuri. Baadaye kampuni hiyo ilibadili jina, na kazi yake kubwa ikawa umeme wa jua na mita za kulipia kwa simu. Basi ustadi wa fundi haukukosekana. Swali kubwa labaki ni la upepo wenyewe.

HESABU YA UPEPO

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Watu wengi hudhani kwamba upepo ukizidi kasi mara mbili, umeme nao utazidi mara mbili. Sivyo. Utazidi mara nane. Sababu yake ni hii: upepo wa kasi maradufu hupitisha hewa nyingi mara mbili katika mapanga ya mtambo kwa muda ule ule, na kila kipande cha hewa hiyo huwa na nguvu ya mwendo mara nne. Mbili mara nne ni nane. Vivyo hivyo, upepo ukipungua kasi ukawa nusu, umeme hubaki sehemu moja tu katika nane.

Chukua mfano wa mtambo mdogo ambao mapanga yake yakizunguka hufanya duara la mita 1 kutoka upande mmoja hata wa pili. Katika nchi ya Kisumu, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa, na kwa hiyo nguvu ya upepo nayo hupungua kidogo. Mtambo mdogo uliotengenezwa vizuri hushika kama robo ya nguvu iliyo katika upepo. Hesabu yatoka hivi:

Upepo wa mita 3 kwa sekunde: wati 3 hivi, na mitambo mingi haitaanza hata kuzunguka.

Upepo wa mita 5 kwa sekunde: wati 13 hivi.

Upepo wa mita 6 kwa sekunde: wati 22 hivi.

Upepo wa mita 10 kwa sekunde: wati 100 hivi.

Msomaji ataona kwamba kutoka mita 5 hata mita 10 ni hatua ndogo kwa sikio, lakini ni safari kubwa kwa mtambo. Basi upepo wa wastani wa alasiri ukivuma mita 5 kwa sekunde kutoka saa 7 mchana mpaka saa 11 jioni, mtambo huo utakusanya umeme wa kuwasha taa ya kisasa ya wati 4 kwa saa 10 hivi, baada ya kutoa ule upoteao katika betri. Au utachaji simu mbili. Hilo si jambo dogo kwa nyumba iliyokuwa gizani. Lakini hautaendesha friji, wala pasi, wala televisheni kubwa. Na siku upepo usipovuma hautatoa kitu.

Mtambo wenye duara la mita 2 hutoa mara nne ya ule wa mita 1, kwa kuwa eneo la duara huzidi hivyo. Ndiyo sababu mtambo wa kukunjwa kama mwavuli hauwezi kufanya miujiza. Nguvu haimo katika uzuri wa plastiki yake wala katika wingi wa mapanga yake. Imo katika ukubwa wa duara na kasi ya upepo. Kitu kidogo hushika upepo kidogo.

NAMBA ILIYOANDIKWA JUU YA KASHA

Mnunuzi asome kasha kwa uangalifu. Mitambo mingi midogo huandikwa wati 300 au 400. Namba hiyo si ya uongo lazima, bali huwa imepimwa katika upepo mkali, mara nyingi wa mita 11 au 12 kwa sekunde, upepo ambao hutikisa miti mikubwa na kumfanya mtu apate taabu kushika mwavuli. Mtambo wa wati 400 kwa upepo wa mita 12, ukipata upepo wa mita 4, hutoa kama sehemu moja katika 27, yaani wati 15 hivi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji si, "Ni wati ngapi?" bali ni, "Wati ngapi kwa upepo gani, na duara la mapanga lina mita ngapi?" Mwuzaji mwaminifu atajibu. Asiyeweza kujibu, heri aachwe na bidhaa yake.

KUUPIMA UPEPO WA MAHALI

Kabla ya kutoa fedha, mtu aupime upepo wa mahali pake. Hakuna haja ya chombo cha gharama. Macho na daftari vyatosha kwa kuanzia.

Majani yakichezacheza tu na mtu akausikia upepo usoni, huo ni mita 2 au 3 kwa sekunde: hautoshi. Majani na vijiti vidogo vikitikisika daima na kitambaa chepesi kikinyooka, huo ni mita 4 au 5: ndio mwanzo wa faida. Vumbi likiinuka, karatasi zikiruka na matawi madogo yakiyumba, huo ni mita 6 au 7: mzuri. Miti midogo ikianza kuinama huku na huku, huo ni mita 8 na zaidi: mzuri sana. Kwa wavuvi, povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi, huo ni mita 4 au 5. Likionekana mara kwa mara pande zote, huo ni mita 6 au 7.

Mtu na aandike mara tatu kila siku, asubuhi, alasiri na usiku, kwa muda wa miezi kadhaa, ili apate majira ya mvua na ya kiangazi. Kazi hii yafaa hata kwa watoto wa shule. Daftari likionyesha kwamba siku nyingi upepo wa mita 5 hupatikana kwa saa chache tu, au haupatikani kabisa, basi daftari hilo la bei ndogo limeokoa fedha nyingi.

VITU VYA KIBUYE NA KAZI YAKE

Fundi apendaye kuunda mtambo wake mwenyewe ataanza kutafuta vitu sokoni, na kitu cha kwanza atakachokiona ni altaneta ya gari. Yaonekana kama imeumbwa kwa kazi hiyo, maana huchaji betri ya volti 12. Lakini ina makosa mawili makubwa. La kwanza, hutaka kuzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika kabla ya kuchaji, na mapanga yenye duara la mita 2 katika upepo wa mita 5 huzunguka mara 240 hivi. La pili, altaneta haina sumaku ya kudumu. Hutengeneza sumaku yake kwa kula umeme wa betri, pengine wati 30. Itakula zaidi ya ilichopewa na upepo mdogo. Kwa gari lenye injini si neno. Kwa upepo wa ziwa ni hasara.

Kinachofaa zaidi ni mota yenye sumaku za kudumu ndani yake, itoayo umeme ikizungushwa polepole. Kuijua ni rahisi: funga pamoja nyaya zake mbili, kisha izungushe kwa mkono. Ikiwa yakawa nzito ghafula, ina sumaku za kudumu. Ikiwa yabaki nyepesi, iache. Dainamo ya baiskeli nayo ina sumaku yake, lakini hutoa wati 3 tu, tena umeme wake ni wa kwenda na kurudi, hauwezi kuingia katika betri mpaka upitishwe katika daiodi.

Mafundi waliokwisha kujifunza zaidi huunda jenereta yao wenyewe kwa kupanga sumaku zenye nguvu juu ya sahani mbili za chuma, na koili za waya wa shaba katikati. Namna hiyo ilienezwa ulimwenguni na Hugh Piggott, fundi wa Scoraig, rasi moja ya Uskochi isiyofikiwa na barabara, ambako wakazi wametengeneza umeme wao wenyewe kwa miaka mingi. Mapanga yake huchongwa kwa mbao, kazi ambayo seremala yeyote azoeaye kuchonga makasia ya mashua ataifahamu upesi.

Betri iwe ya namna ya kustahimili kutumika kila siku. Betri ya gari imetengenezwa kwa kuwasha injini, kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ikimalizwa kila usiku itakufa mapema. Na betri ya asidi yoyote isitumiwe zaidi ya nusu yake kabla ya kuchajiwa tena. Waya utokao juu ya mlingoti uwe mnene, kwa kuwa umeme wa volti 12 hupotea sana njiani ukipitishwa katika waya mwembamba na mrefu.

Lipo kosa moja litendwalo hata na mafundi wazuri, nalo ni kuunga mtambo wa upepo katika kidhibiti cha chaji cha paneli ya jua. Betri ijaapo, kidhibiti cha jua hukata njia ya umeme. Paneli haioni vibaya, hukaa kimya. Lakini mtambo wa upepo ukikatiwa njia huwa kama ng'ombe aliyefunguliwa nira akiteremka mlimani: hauna tena kitu cha kuuzuia, huenda mbio mpaka mapanga yakavunjika na kurushwa. Kidhibiti cha upepo hakikati, bali huugeuza umeme uliozidi ukaenda kupasha moto waya au maji. Kadhalika mtambo uwe na swichi ya kuusimamisha kwa kuziunganisha nyaya zake pamoja, ili fundi aweze kuufunga tufani isijafika.

MLINGOTI, KAMBA NA RADI

Upepo wa chini ni dhaifu na wenye kuvurugika. Mtambo uliofungwa juu ya paa la mabati au katikati ya miembe hupata mabaki tu, na kelele zake huwanyima watu usingizi. Kanuni ya zamani yasema kwamba mapanga yawe juu kwa futi 30 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi 500, yaani mita 9 ndani ya mita 150. Hapo ndipo gharama ya mlingoti iwezapo kuizidi gharama ya mtambo wenyewe. Na hapo ndipo mtambo wa kukunjwa unapopoteza faida yake, maana hauji na mlingoti wa namna hiyo.

Mlingoti ufungwe kamba za waya pande nne, na uwe wa kulazwa chini kwa bawaba, ili mtu asilazimike kuupanda. Mtu yeyote asisimame chini ya mapanga yazungukayo. Tena nchi zizungukazo Ziwa Victoria ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani. Mlingoti wa chuma ukisimama peke yake juu ya mwinuko ni mwito kwa radi. Hapana budi uwe na waya mnene uzikwao ardhini, na tufani ionekanapo ulazwe, watu wakae mbali nao.

JUA NA UPEPO

Sasa yafaa kulinganisha. Kisumu iko karibu sana na mstari wa Ikweta. Nansen alikosa jua miezi mingi. Mtu wa Nyanza hupata jua karibu kila siku, mwaka mzima. Paneli ndogo ya wati 50 iliyowekwa vizuri itampa kwa siku ya kawaida umeme zaidi ya mara tatu kuliko ule wa mtambo wa duara la mita 1 uliohesabiwa juu. Paneli haina kitu kizungukacho, haitaki mlingoti, haipigi kelele, na mvuvi aweza kuiweka ndani ya mashua akaenda nayo dago. Wavuvi wa omena, ambao huvua usiku wa giza kwa taa, wamekwisha kuona faida hii: mwaka 2008 huko Mbita kampuni ya Osram pamoja na washirika wake ilifungua kituo cha kukodisha taa na betri zilizochajiwa kwa jua, mahali pa karabai za mafuta, na tangu hapo taa za betri zimeenea sana ziwani.

Je, basi upepo hauna kazi? Unayo. Katika kisiwa kilicho wazi, ambapo daftari limeonyesha upepo wa mita 6 au zaidi siku nyingi, mtambo wa duara la mita 2 au 3 juu ya mlingoti mzuri huwa mwenzi wa paneli. Upepo waweza kuvuma siku ya mawingu. Upepo waweza kuvuma usiku. Viwili hivi vikichaji betri moja, kila kimoja kwa kidhibiti chake, nyumba au kituo cha samaki hakitakaa gizani mara nyingi. Tena pampu za upepo za kuvuta maji, kama zile ziitwazo Kijito zilizoanza kutengenezwa Thika mwishoni mwa miaka ya 1970, zimeonyesha kwamba upepo wa wastani wafaa kazi isiyotaka haraka: maji yaliyovutwa leo hukaa katika tangi hata kesho, wala hayahitaji betri.

SHAURI

Mwenye fedha kidogo na anunue kwanza paneli, betri nzuri na taa ndogo za kisasa. Mwenye upepo na aupime kabla ya kununua. Aliye mjini, katikati ya nyumba na miti, asinunue mtambo wa upepo kabisa. Aliye kisiwani na apate ushauri wa fundi, tena asisahau kuweka akiba ya mlingoti, kamba na waya, si ya mtambo peke yake. Na kijana mwenye mikono mizuri na aunde mtambo mdogo kwa vitu vya Kibuye ili ajifunze, maana kazi hiyo humfundisha sumaku, koili, betri na hesabu kwa pamoja, na fundi wa kesho hupatikana hivyo.

Mvuvi hatweki tanga kabla ya kuangalia upepo. Anunuaye mtambo naye afanye vivyo hivyo.